Sekunde Tatu za Kwanza

Machi 2

Daktari ameniambia moyo wangu umechoka na maji yanajaa miguuni. Hakusema nitakufa lini. Aliniuliza tu kama nina mambo ya kuweka sawa, kwa sauti ileile tuliyoitumia sisi walimu kumwambia mzazi kwamba mwanawe hatafaulu.

Nimemtuma mjukuu aninunulie daftari hili. Nimefundisha lugha miaka thelathini na minne, nimeandika michezo ya redio iliyowakalisha watu majumbani kila Jumapili, lakini sijawahi kuandika jambo la kweli kunihusu mimi mwenyewe. Nitajaribu kabla mvua hazijaisha. Msomaji akikuta ubaya humu, asidhani kalamu imeteleza.

Machi 3

Mvua ya kwanza. Paa linavuja palepale pa mwaka jana.

Machi 6

Mjukuu wangu, binti wa miaka ishirini na sita ninayeishi naye, hutengeneza video fupi za kuchekesha na kuziweka mtandaoni. Hujirekodi mwenyewe kwa simu aliyoiegemeza kwenye birika. Leo alinisomea maandishi yake. Yalianza hivi: "Habari zenu wapendwa, natumaini hamjambo, leo nimekuja na kisa..."

"Mke mwenzangu," nikamkatiza, "unapiga hodi mpaka wenye nyumba wanahama."

Akacheka. "Haya, niingieje?"

"Vunja mlango."

Akanieleza kwamba mtazamaji wa siku hizi humpa mtu sekunde tatu tu, kisha kidole gumba kinamtelezesha kwa mwingine. Redioni tulikuwa na dakika nzima ya kubembeleza. Nilichukua karatasi nikapiga hesabu ya maneno: mia na thelathini kwa dakika moja, yasizidi. Nikamwandikia kanuni mbili, naye akazibandika ukutani kando ya kioo. Ya kwanza: sekunde tatu za kwanza zivunje mlango. Ya pili: kata kila kisichochekesha.

Machi 9

Nimemwandikia video ya mtu anayerudisha ngazi aliyoazima miaka sita iliyopita, akidai alikuwa bado yuko juu. Imetazamwa na watu mia mbili. Mjukuu anasema si haba. Zamani nikiandika mzaha, dereva wa teksi aliurudia kesho yake bila kujua mwandishi ameketi kiti cha nyuma. Watu mia mbili huenda hata kwenye mazishi ya mtu asiyependwa.

Machi 11

Wifi yangu alikuja saa kumi kamili, kama kila siku, kunikanda miguu.

Ni dada wa marehemu mume wangu, na hapa mtaani hakuna anayemwita kwa jina. Wote humwita Fundi. Anashona sare za shule katika chumba kilicho ng'ambo ya ua. Nilipokuwa naweza kutembea nilihesabu kutoka mlango wangu hadi wake: hatua arobaini. Futi ya kupimia haitoki shingoni mwake, hata msibani. Kila sentensi huianza na "kwa ufupi," na akimaliza chai imepoa. Simu yake ni ile ndogo ya tochi. Hakuolewa.

Anakanda vizuri. Anaanzia vidoleni anapanda juu, anayasukuma maji kama mtu anayekamua shuka.

"Kwa ufupi, wifi, miguu yako leo imekuwa mizuri."

"Mizuri ya kuchezea ngoma?"

"Mizuri ya kukaa. Usinichekeshe, mafuta yatamwagika."

Niandike na hili. Mume wangu alipokuwa anakata roho, nilikuwa nimeushika mkono wake. Alifumbua macho akanitazama, akasema, "Niitie dada." Nikaenda kumwita. Niliporudi naye, yeye akakaa mahali pangu upande wa mkono, nami nikasimama miguuni. Ni miaka kumi na moja sasa.

Machi 13

Nimeandika. Iliandikika yenyewe, maneno mia na ishirini na nane.

Kisa ni hiki. Zamani Fundi alichumbiwa, akajishonea gauni la harusi kwa mkono wake, na siku yenyewe mwanamume hakutokea. Hilo watu wa rika letu wote wanalijua. Wasilolijua ni kwamba gauni lile analo bado. Kila mwaka, tarehe ileile, hujifungia ndani akalivaa, na kwa kuwa mwili hubadilika, hulifumua ubavuni akaliachia kidogo ili limwenee. Alilishona mwanzo na kitambaa kingi cha akiba ndani ya mshono. "Fundi mzuri huacha nafasi," aliniambia. Aliniambia mimi peke yangu, mwaka nilipomkuta zipu imemkwama mgongoni, nikamsaidia kuishusha. Alilia, nikaapa sitamwambia mtu.

Nimemwita mhusika Bi Harusi wa Kesho. Ni kizee kilichovaa gauni jeupe na futi shingoni, kinajipima kiuno na kusema: "Kwa ufupi, mwaka huu nimeongezeka inchi mbili, lakini na yeye huko aliko atakuwa ameongezeka!" Kisha jirani anachungulia dirishani na kuuliza, "Bi Harusi, harusi lini?" "Kesho!" "Kesho lini?"

Sekunde tatu za kwanza ni zipu iliyokwama. Ni nzuri sana. Nilicheka mwenyewe mpaka nikakohoa.

Machi 14

Mjukuu alijifunga pazia langu jeupe, akajaribu mbele ya kioo. Katikati akasimama.

"Bibi, huyu si Bibi Fundi huyu?"

"Ni mtu wa kubuni."

"Wa kubuni, na futi shingoni? Na 'kwa ufupi'?"

"Mafundi wote wana futi."

Akaniangalia, nami nikamwangalia. Kisha tukaangua kicheko wote wawili. Nikamwonyesha namna Fundi anavyotembea, bega moja juu kwa sababu ya miaka ya cherehani. Alilishika mara moja. Ana kipaji, mtoto huyu.

Machi 16

Watu elfu arobaini.

Machi 17

Elfu tisini. Nimekunywa chai nikiwa nimeketi, bila mto mgongoni.

Machi 19

Wanataka nyingine. Nimeandika tatu kwa mpigo: Bi Harusi anamwandalia bwana arusi kiti mezani, Bi Harusi anamfukuza panya kwenye gauni, Bi Harusi na mpiga picha. Mjukuu ananisomea maoni ya watazamaji wakati Fundi ananikanda miguu. Fundi haelewi ni nini lakini anacheka kwa kuwa sisi tunacheka.

"Mnanifanya mjinga nyie," alisema. "Nami nionyesheni."

"Mambo ya vijana, wifi," nikasema. "Yatakuumiza macho."

Machi 24

Mvua kutwa.

Machi 29

Fundi alikuja na uso uliong'aa. Wateja wamefurika, anasema. Wasichana wazima wanaleta sketi zisizo na kasoro, wanataka zipunguzwe nusu inchi, na wakiwa pale wanamwomba aongee, wanapenda anavyoongea. Mmoja alimwomba atembee mpaka mlangoni na kurudi.

"Kwa ufupi, wifi, uzeeni ndipo nimependwa. Hata sijui nimefanya nini."

Akanikanda kwa nguvu mpya. Nikamtazama utosini, mahali nywele zilipopungua. Nilipaswa kuona haya. Nilichokiona ni video ya tano.

Aprili 5

Watoto wa shule wamepita uani wakiimba mbele ya mlango wake: "Bi Harusi, kesho lini? Kesho lini?" Nilikuwa dirishani. Fundi alitoka na mkasi mkononi, akawacheka, akawauliza ni wimbo gani huo mzuri. Walikimbia wakianguka kwa kicheko. Alibaki amesimama kwenye matone, akitabasamu upande ambao hapakuwa na mtu.

Sikula.

Aprili 11

Leo nitaandika kirefu, hata mkono ukatae.

Fundi alikuja saa kumi. Hakusema "kwa ufupi." Alipasha mafuta, akaketi kwenye kigoda, akauweka mguu wangu pajani mwake na kuanza vidoleni kama kawaida. Futi haikuwepo shingoni, na shingo yake ilionekana uchi, kama ya kuku aliyenyonyolewa. Mjukuu alikuwa ametoka.

Alifika kwenye kifundo ndipo akasema.

"Leo kuna binti kaniletea gauni. Akasema, Fundi, nikuonyeshe kitu utacheka. Akanipa simu yake."

Nikasema, "Enhe."

"Nimeziona zote. Ziko saba." Akapanda kwenye muundi. "Mjukuu wetu ananijulia kutembea. Sikujua nina bega moja juu."

"Wifi, watoto wa siku hizi..."

"Mtoto sina ugomvi naye. Mtoto huona na kuiga. Lakini ile zipu hakuiona, hakuwa hata amezaliwa. Wifi, ulimwambia nani?"

Hapo palikuwa na nafasi, pana kama mlango wa ukumbi, ya kusema: mimi ndiye niliyeandika. Nilimwona amenishika mguu, hajauachilia. Anauliza nilimwambia nani kwa sababu hawezi kuwaza zaidi ya hapo; katika akili yake kosa langu kubwa kabisa ni mdomo mwepesi. Angenisamehe mdomo mwepesi. Nadhani alikuja akiwa ameshanisamehe.

Nikasema, "Mimi sijamwambia mtu. Labda kaka yako."

Mkono ulisimama.

"Kaka hakujua."

"Alijua," nikasema. "Aliwahi kukuchungulia. Alikuwa akiwasimulia wenzake kwenye bao, wanacheka. Nilimkataza. Sikutaka ujue. Watu husimuliana, habari huzunguka, mwishowe imemfikia mtoto."

Niliandika michezo ya redio miaka ishirini. Ninajua namna ya kuutengeneza uongo ili usimame: uupe mahali, uupe watu wengine, ujiweke wewe upande wa wema. Ilinichukua muda mfupi kuliko kuvunja mlango.

Hakulia. Aliuteremsha mguu wangu chini taratibu, kana kwamba ni yai, akajifuta mafuta kwenye kanga.

"Alikuwa anacheka?" akauliza.

"Alikuwa anacheka."

Mguu wa kushoto haukukandwa leo.

Aprili 12

Kupitia dirisha langu ninaona ndani ya chumba chake, juu ya cherehani, mahali palipotundikwa picha ya harusi yangu na mume wangu. Yeye ndiye aliyetushonea nguo zote mbili. Kila asubuhi kabla ya kushona huifuta vumbi na kumsalimia kaka yake kwa sauti, nasi tumezoea kumtania kwa hilo.

Leo ukutani kuna msumari mtupu.

Aprili 13

Alikuja. Akakanda miguu yote miwili. Akaondoka chai ikiwa bado moto.

Aprili 19

Anakuja kila siku saa kumi na kuondoka saa kumi na nusu. Nimemwambia mjukuu tuache video za Bi Harusi. Akashangaa. "Sasa hivi, Bibi? Wakati zinakimbia?" Anajua kuandika mwenyewe sasa. Ana kanuni ukutani.

Aprili 26

Maji yamefika magotini. Ninalala nimeketi. Kila siku nasema nitamwambia leo. Kila siku akiuweka mguu pajani, naishia kusema habari za mvua. Ningekuwa naogopa kufa, ningeelewa. Ninaogopa kwamba ataacha kunikanda.

Nilidhani nilimfanyia hivi kwa sababu ya siku ile ya kitanda cha mume wangu. Ni uongo pia. Nilitaka tu watu wacheke tena kwa kitu nilichokiandika mimi. Kisasi nilikitafuta baadaye, nipate cha kujifunika.

Mei 3

Nimepata njia, au hivyo nilidhani. Kwa kuwa nimemwaibisha mbele ya watu, niungame mbele ya watu haohao. Nimeandika maneno yangu, mia na thelathini, lakini simu ilipowashwa niliyaacha nikasema tu. Nilisema ni mimi niliyeandika. Nilisema wifi yangu hakuolewa, na siri ya gauni lake alinipa mimi kwa kiapo. Nilisema nilimsingizia marehemu, kwamba hakuwahi kuchungulia wala kucheka, kwamba alimpenda dada yake kuliko alivyonipenda mimi na alikuwa na haki. Nikaomba msamaha, nikakohoa, nikalia. Zilikuwa dakika sita.

Mjukuu alizima simu. "Nitaiweka, Bibi," akasema. "Pumzika."

Mei 5

Ameiweka. Nimeiona.

Inaanza na mimi, kizee kilichovimba, nikisema: "Wifi yangu hakuolewa." Hizo ni sekunde tatu za kwanza. Kisha: "Siri ya gauni lake." Kisha kikohozi changu, kimerudiwa mara nne kwa mdundo, kama ngoma. Kisha mimi nikilia, na chini yake muziki wa harusi. Kisha yeye mwenyewe ndani ya pazia jeupe: "Kesho lini?"

Sekunde thelathini na moja. Hakuna marehemu. Hakuna msamaha.

"Umekata," nikamwambia.

"Bibi, dakika sita nani ataangalia? Si wewe uliyesema, kata kila kisichochekesha?"

"Nipe ile nzima."

"Nimeifuta. Simu ilijaa." Kisha akanishika bega, kwa upendo kabisa, naapa ni kwa upendo: "Hujawahi kutazamwa hivi, Bibi. Wanakupenda. Wanasema Bibi ndiye mkali kuliko wote."

Ni mwanafunzi wangu bora.

Mei 6

Fundi hakungoja saa kumi. Alikuja asubuhi, na mvua, bila mwavuli. Mjukuu alipomwona aliingia chumbani kwake akafunga mlango.

"Watoto wameiwasha dirishani kwangu," akasema Fundi. "Sasa umenicheka kwa mdomo wako mwenyewe."

"Hapana, wifi. Nilikuwa naungama. Wamekata."

"Unaungama nini?"

"Kwamba niliandika mimi. Zote saba. Na mengine niliyasema, yamekatwa."

"Uliiambia simu." Maji yalikuwa yakimtiririka usoni na hakuyafuta. "Mimi niko hatua arobaini, wifi. Kila siku nimeketi hapa miguuni pako. Ukaiambia simu."

Nikamwambia basi, bila karatasi, vibaya, nikirudia maneno kama mtoto aliyesahau shairi. Nilipofika kwa kaka yake alinyanyua kiganja.

"Sema tena hapo."

"Hakucheka. Hakuchungulia. Hakujua lolote."

"Tena."

Nikasema tena. Alinisemesha mara tano. Sijui alikuwa akitafuta nini. Labda alitaka kujua kama nasema kweli, labda alitaka tu kusikia. Kisha akasema, "Nimekaa wiki tatu na nusu simsalimii." Akageuka kuondoka, na bega moja lilikuwa juu.

Mei 7

Hakuja.

Mei 10

Hakuja. Mjukuu alijaribu kunikanda, macho kwenye simu. Nikamwambia aache.

Mei 14

Miguu imeanza kupasuka ngozi. Mvua zinapungua. Cherehani yake inasikika mpaka jioni, wala si mwendo wa sare. Sare hushonwa kwa pupa. Hii inakwenda, inasimama, inakwenda.

Mei 17

Saa kumi kamili. Nilisikia kandambili zake kabla sijamwona. Alikuwa na futi shingoni, pini mdomoni, na kitu kimekunjwa mkononi, cheupe.

Hakunisalimu. Alinivua gauni langu la kulalia lililokuwa limenibana mpaka likaacha alama, akanivika lile alilolileta. Ni pana, laini, halina zipu. Mbele amelifungua lote akatia vifungo. Nilikitambua kitambaa kabla hakijanipita kichwani. Ubavuni kulikuwa na mistari hafifu ya sindano, mmoja kando ya mwingine, kama mistari ya daftari. Sikuihesabu. Kila mmoja ni mwaka.

Akatoa pini mdomoni.

"Kwa ufupi," akasema, "nimeacha kitambaa cha akiba. Ukivimba zaidi nitaliachia."

"Wifi..."

"Kaka yangu nimemrudisha ukutani."

"Na mimi?" Niliuliza kabla sijajizuia. Tulikuwa wawili katika picha ile.

"Nina mkasi mzuri," akasema.

Kisha akaketi kwenye kigoda, akauweka mguu wangu pajani, akaanza vidoleni. Mikono yake ilikuwa ileile. Nililia na hakuniangalia. Nje mvua ilikuwa imekoma na watoto walikuwa wakitoka shule, nilisikia viatu vyao kwenye matope, kisha vicheko, kisha wimbo wao mbele ya mlango wake mtupu: "Bi Harusi, kesho lini? Kesho lini?"

Fundi hakusimamisha mkono. Alinitazama mara moja, kuanzia shingoni hadi kwenye pindo, kama anavyotazama kazi iliyokwisha.

"Haya, wajibu," akasema. "Wanakuuliza wewe."